Ukikaa Kimya Tutahesabu Umekubali

Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha watu kuendesha magari, na wanafunzi wake walimpa jina la Breki, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko mengine yote. Alikuwa na sauti nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Kisha koo likaota kitu kibaya. Madaktari hawakumzungusha: akitaka kubaki hai, sehemu ya koo inayotoa sauti lazima iondolewe.

Walimpa wiki tano. Ndani ya wiki hizo binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimtafutia programu huria, ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko duniani. Programu hiyo hujifunza sauti ya mtu kutokana na sentensi anazoisomea. Breki akajifungia chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi, mkewe kakaa kitandani na orodha mkononi, akasoma sentensi elfu moja na mia sita. Nyingine hazikuwa na kichwa wala miguu. "Mjomba amempaka bata rangi ya kijani." Mkewe alicheka mpaka wakarudia mara tatu, na mara ya tatu bado kicheko kilipenya, wakakiacha.

Baada ya upasuaji akawa anaandika kwenye kompyuta yake ndogo, ambayo binti yake aliiwekea mfumo mwingine ili programu ile ifanye kazi, nayo inasema. Haikuwa yeye kamili. Ilikuwa yeye mwenye mafua. Lakini siku ya kwanza ilipomwita mkewe kutoka chumba cha pili, mama yule aliitika "Abee" na kuinuka kabla hajakumbuka chochote. Chuo cha udereva kikamrudisha kazini, safari hii si garini bali darasani, kufundisha alama za barabarani.

Jumanne moja, miaka mitatu baada ya upasuaji, katikati ya somo la makutano ya mzunguko, sauti ikakatika. Breki akaandika tena, akabonyeza tena. Kimya. Kwenye kioo pakatokea maneno: hakuna kifaa cha sauti kilichopatikana. Akachomeka spika za masikioni, mambo yakawa yale yale. Wanafunzi thelathini walikuwa wanamtazama, mmoja akainamisha macho kwa aibu isiyo yake. Breki alimalizia kipindi kwa chaki.

Alasiri hiyo akaenda kwenye duka lililomuuzia kompyuta. Ndilo lililombadilishia betri wiki mbili tu kabla. Binti wa kaunta aliiwasha, akakunja uso.

"Mzee, humu mmeweka mfumo mwingine. Sisi tunahudumia ule uliotoka nao dukani."

Breki akaandika kwenye daftari lake: *Mlipobadilisha betri mfumo ulikuwa huu huu.*

"Betri ni betri, mzee wangu. Sauti ni mambo ya programu. Waulize waliokuwekea."

Akawauliza. Aliingia kwenye jukwaa la watengenezaji wa programu ile, akaeleza kwa adabu, hatua kwa hatua, akabandika hadi yale maneno ya kwenye kioo. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku mbili: "Umesoma mwongozo?" Alikuwa ameusoma wote, kurasa arobaini. Jibu la pili: "Kwangu inafanya kazi." La tatu lilitoka kwa msimamizi mwenyewe: "Kompyuta haioni kifaa cha sauti. Hilo ni tatizo la mashine, si letu. Rudi kwa muuzaji." Chini yake, neno moja: Imefungwa. Hata nafasi ya kusema asante hakuachiwa.

Breki alijikumbusha kwamba watu wale hawalipwi na mtu na hawana deni kwake. Alijikumbusha hivyo mara kadhaa, lakini moyo ulikataa. Fundi anamtupa kwa mwandishi wa programu, mwandishi wa programu anamrudisha kwa fundi, na katikati yao kasimama mtu asiyeweza hata kuomba maji.

Alirudi dukani. Safari hii wakakubali kuipokea "kwa uchunguzi". Kwenye fomu aliandika kwa herufi kubwa: MSIFUTE CHOCHOTE. Akapigia mstari, kisha akapiga wa pili. Hakuwa na hofu sana, maana binti yake alikuwa amehifadhi nakala ya sauti kwenye flashi. Jioni hiyo, kwa kutaka tu kujiridhisha, aliichukua flashi akaichomeka kwenye kompyuta ya jirani. Haikufunguka. Walijaribu kompyuta mbili nyingine. Flashi ilikuwa imekufa, wala hakuna aliyejua tangu lini. Kwa hiyo sauti yake yote, pamoja na kicheko cha mkewe, ilikuwa kwenye rafu ya watu wasiomjua.

Siku ya nne meseji ikaingia. "Mteja mpendwa, kompyuta yako itarudishiwa mfumo wa awali na kila kilichomo kitafutwa. Kama hukubali, piga simu kabla ya saa nne kesho asubuhi. Ukikaa kimya tutahesabu umekubali."

Breki aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Akajibu kwa meseji. Ikagoma kwenda, namba ile haikupokea ujumbe. Akapiga simu, kwa sababu wamesema apige simu, na kwa sababu hasira ilikuwa imeshamtoa kwenye mstari.

"Huduma kwa wateja, habari yako. Halo? Halo? Ongea basi." Ikakatwa.

Mkewe akamnyang'anya simu, akapiga yeye. "Mimi ni mke wake. Mwenyewe hawezi kuongea, alifanyiwa upasuaji wa koo."

"Pole sana, mama. Lakini tunaongea na mteja mwenyewe tu. Ndio utaratibu."

"Nimekwambia hana sauti. Sauti yake iko kwenu, mmeifungia dukani."

"Nakuelewa, mama. Basi akipata nafasi atupigie."

Asubuhi walifika kabla mlango haujafunguliwa. Breki alikuwa na karatasi aliyoiandika wakati chai yake inapoa. Meneja, mtu wa makamo aliyevaa shati jeupe lenye nembo ya duka, akawakaribisha kwa tabasamu la kazini. Mkewe akafungua kinywa kueleza. Breki akamgusa mkono, naye akaelewa, akanyamaza. Karatasi ikawekwa mbele ya meneja.

Meneja alianza kuisoma kimoyomoyo. Breki akagonga kaunta kwa kidole, akanyooshea kidole mdomo wa meneja. Soma kwa sauti. Nyuma walikuwa wamekwisha kujipanga watu watano, na wote walikuwa wametega masikio.

Meneja akakohoa, akasoma. "Mimi ni mteja wenu. Sina sauti. Nimewaandikia msifute, mkanitaka nipige simu. Nimepiga, mkanikatia. Mke wangu amepiga, mkamkataa. Mmesema nikikaa kimya nimekubali." Hapo akasita. Breki akagonga tena. "Mimi nimekaa kimya miaka mitatu, na sijakubali. Fungueni mashine mbele yangu, sasa hivi, mnionyeshe mlichokichunguza."

"Huo ni ukweli mtupu," akasema mwanamke mmoja kwenye foleni, aliyekumbatia printa. "Hii yangu wiki ya tatu wananizungusha."

Meneja akajaribu kusema kwamba wateja hawaruhusiwi chumba cha mafundi. Hakuna aliyeondoka. Mwishowe fundi mwenyewe alitoka na kompyuta, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa gundi pembeni, akaiweka kwenye kaunta pamoja na bisibisi. Alifungua skrubu moja moja, akainua kifuniko. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii haijawahi kufunguliwa kwa uchunguzi," akasema polepole. "Na huu utepe hapa ni wa kibao cha sauti. Ukibadilisha betri lazima uuchomoe kwanza. Haukurudishwa vizuri. Ulishikilia kidogo kidogo, mpaka ukaachia."

"Nani alibadilisha betri?" mkewe akauliza.

Fundi hakumtazama meneja. "Mimi, mama. Kosa ni langu. Siku ile nilikuwa na mashine kumi na nne."

Akausukuma utepe kwa ncha ya kidole. Kazi ya sekunde mbili. Kompyuta ikawashwa, na meneja, aliyekwisha kuvaa tena tabasamu lake, akatoa fomu ya mteja kukiri ameridhika na huduma.

Breki akaandika taratibu. Kisha ile sauti nzito yenye mafua ikajaa duka zima: "Sijaridhika. Andika barua useme kosa lilikuwa lenu. Nitasubiri hapa." Akavuta kiti, akaketi. Alisubiri saa moja na dakika ishirini, akaipata, mistari mitatu yenye muhuri, isiyo na neno samahani ndani yake. Fundi peke yake ndiye aliyewasindikiza hadi mlangoni na kusema pole.

Siku hiyo hiyo alinunua flashi tatu. Moja ikabaki kwa mkewe, moja ikaenda kwa binti yake, moja akaifungia ofisini chuoni. Halafu akafungua mada mpya kwenye jukwaa, kwa kuwa ile ya kwanza ilifungwa, akawaeleza yaliyotokea bila kulainisha kitu: kwamba walikuwa sahihi kuhusu mashine, na kwamba kuwa sahihi hakukumsaidia lolote. Msimamizi hakujibu. Alijibu mwanamke mmoja wa nchi ya mbali, ambaye baba yake anatumia programu ile ile, na kwa wiki mbili wakaandika pamoja ukurasa mmoja wa mwongozo, kwa lugha nyepesi, wa mtu ambaye sauti yake imepotea ghafla. Uliingizwa. Ni ukurasa wa arobaini na moja.

Duka nalo halijabadilisha meseji yake. Breki ameshalipelekea barua nne akitaka waweke njia ya kujibu kwa maandishi, na kila anapopeleka humtaka meneja aisome kwa sauti. Ya tano anaiandika sasa.