Mama wa Msaada

Jumamosi hiyo Madam Luz wa shirika la msaada alikuwa anafungua makatoni kwa kisu cha samaki, na foleni ilikuwa imeshafika kwenye ngazi za kanisa. Ndani ya katoni moja, kati ya makopo ya nyama na sabuni za kufulia, alikuwamo Erlinda Abrenica, magoti yamegusa kidevu. Alitoka, akanyoosha mgongo, akaomba maji ya kunywa.

Zamani makatoni yalikuja kwa meli, yakachukua miezi. Siku hizi kulikuwa na mtambo: fremu ya chuma hapa, nyingine ughaibuni, na kitu kikiwekwa kule kinatokea hapa kwa kufumba na kufumbua. Shirika liliupenda mtambo, ila taratibu zake za kugawa hazikuguswa hata nukta. Mtambo ulibeba msaada tu. Basi Erlinda, ambaye tajiri wake kule aliifungia pasipoti yake kabatini, aliandika MSAADA juu ya katoni, akaingia, mpishi mwenzake akaifunga kwa selotepu.

Binti yake, Jovelyn, alikuwa amesimama nje ya dirisha. Hakuwa kwenye foleni, maana nyumba yenye mtu ughaibuni huhesabiwa ina nafuu, haipewi kitu. Alikuja kutazama tu. Miaka sita alikuwa hajamwona mama yake, na alimtambua kwa umbo la masikio yake, kwa kuwa uso ulikuwa umebadilika.

"Nanay!" aliita.

"Mwanangu! Umekuwa mrefu hivyo, wewe!"

Madam Luz akaweka mkono katikati, bila ubaya. "Samahani, dada. Wewe umekuja kama msaada. Msaada hauendi nyumba yenye mtu nje."

"Lakini huyo mtu ndiye mimi. Si niko hapa?"

"Mpaka makaratasi yako yarudi, bado uko nje."

Foleni iliona hiyo ni haki. Erlinda akapimwa kwenye mizani ya mchele, akapigwa picha, akakabidhiwa kwa Mang Tonyo, mgane mwenye watoto wanne. Wiki moja, halafu zamu ihamie kwingine.

Kesho yake bintiye Mang Tonyo alimkuta Jovelyn bombani. "Jana mama yako katupikia adobo. Siki imekolea, acha tu!"

"Ni Nanay wangu."

"Nyinyi mna pesa za nje, na mama pia mnamtaka? Mna tamaa nyinyi!"

Jovelyn alijaza ndoo yake, akaondoka. Alimtamani mama yake, naye yuko nyumba ya tatu tu, anasikika akicheka.

Bibi yake, Lola Sabel, aliliwaza jambo hilo huku akichambua mchele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Nyumba ya yatima inapewa," alisema. "Basi tumfanyie matanga."

"Lola, si mzima?"

"Mzima kwa Tonyo. Kwetu hayupo. Na sala haziozi, atazitumia baadaye."

Wakaweka picha ya Erlinda mezani, mshumaa, na sahani yake ya wali. Jioni tisa majirani walikuja kusali, kunywa kahawa na kucheza karata, kama ilivyo desturi. Jioni ya kwanza Erlinda naye alikuja na watoto wa Mang Tonyo, akaketi nyuma, akaitikia sala za kujiombea pumziko la milele bila kukosea neno. Wakati wa kuaga alimpa Jovelyn mkono wa pole kama majirani wengine, ila alichelewa kuuachia.

Madam Luz akaridhika kwamba sasa hiyo ni nyumba ya yatima. Gari la shirika likamleta Erlinda kwenye nyumba yake mwenyewe, pamoja na sabuni, kwa wiki moja.

Jovelyn alimfuata kila mahali, hata chooni akangoja mlangoni. Mama aliuliza kila kitu. Jino hili lilitoka lini? Nani alikung'oa? Ulilia? Jovelyn akaeleza, na alichokisahau akakibuni, ili maswali yasiishe.

Jumamosi gari likarudi. Zamu sasa ilikuwa ya nyumba ng'ambo ya mto, na foleni ya yatima ilikuwa ndefu. Nyumba nyingine zenye akina mama ughaibuni zilikuwa zimeshaanza kuwasha mishumaa, na wanawake walikuwa wakitoka katonini kila wiki, kila mmoja akipelekwa zamu ilikoangukia.

Madam Luz aliinua simu yake ya kupigia picha. "Waambie wafadhili, mwanangu. Msaada umewafaa vipi?"

"Umetufaa sana. Tulikula, tulicheka. Tunaomba tena. Tunaomba huyuhuyu."

Madam Luz akaishusha simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya. "Rudia, bila kuchagua. Wafadhili hawampendi mpokeaji anayechagua."

Erlinda alikuwa ameshapanda nyuma ya gari, anamfuta kamasi mtoto wa nyumba ya zamu aliyekuja kumpokea. Jovelyn alijipangusa uso kwa ukosi wa blauzi, akatabasamu kama alivyoelekezwa.

"Tunaomba mwingine," akasema.