Mashine Aliyoichagua Verlin

Verlin Stuckey na mimi tulikaa tukitazamana miaka thelathini na moja, barabara ya changarawe katikati yetu, kusini mwa Indiana. Yeye alikuwa na ekari nne za nyasi, mimi tatu na kidogo. Jumamosi tulikata, Jumapili tukitoka kanisani tulitaniana.

"Odell, pale karibu na sanduku lako la barua kuna ng'ombe alilala, ama ndivyo ulivyokata?"

"Bora ng'ombe wangu. Wewe umekata hadi maua ya mkeo."

Ndivyo tulivyopendana. Wanaume wa huku hawana njia nyingi.

Mwaka ule, katikati ya Aprili, mashine yake ya zamani ya kukatia nyasi ilikufa. Ilikuwa ya kukalia na kuendesha, yenye usukani kama trekta dogo, na injini ilikwama kabisa. Kwa Verlin, kazi ya saa tano kila wiki ilikuwa imelala, na mvua zilikuwa hazikatiki. Mkewe, Ilene, akamwambia asihangaike na mafundi. Anunue hizi za siku hizi zinazogeuka papo hapo, amalize kwa saa moja na nusu, aingie ndani ale kama watu wengine.

Akanipigia simu nimpeleke. Hilo lilinishangaza kidogo, maana Verlin hakuwa mtu wa kupanda gari la mwenzake na kukaa upande wa abiria. Nikadhani gari lake lina hitilafu.

Duka tulilokwenda ni la Twyla Beasley. Alilirithi kwa baba yake, na anazijua mashine kuliko mwanamume yeyote wa wilaya ile. Alituonyesha tatu, zimepangwa mbele ya mlango.

"Hizi hazina usukani, Bwana Stuckey," alisema. "Zina mikono miwili ya chuma. Wa kulia unaongoza gurudumu la kulia, wa kushoto la kushoto. Ukisukuma yote sawa, unakwenda mbele. Ukivuta mmoja na kusukuma mwingine, unazunguka hapo hapo ulipo. Lakini ni nyepesi mno. Ishike kama umeshika yai."

Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa kujaribia. Verlin akapanda ile ya kwanza, akashika mikono, akaondoka.

Mashine ilikwenda kama nyoka aliyekanyagwa. Ikaruka mbele, ikasita, ikapinda kulia, ikarudi kushoto, ikaruka tena. Nilicheka nikashika magoti.

"Verlin! Leo kahawa umechanganya na nini?"

Twyla naye alicheka, lakini kwa adabu ya muuzaji. "Wote siku ya kwanza wanacheza dansi hivyo hivyo. Jaribu hii ya pili. Ina kizuizi, nimekikaza ili mikono iwe mizito kidogo."

Ya pili ilikata upana wa inchi sitini, kiti chake kizuri, bei yake ya kukutoa jasho. Ikawa afadhali kidogo, kisha ikawa vilevile. Mistari aliyoacha kwenye nyasi ilikuwa kama maandishi ya mtoto.

"Mama yangu ana miaka themanini na tisa na mtoto wa jicho," nikampigia kelele, "na anashona mstari ulionyooka kuliko huo!"

Akapanda ya tatu. Akaelekea uzio, na alipotaka kugeuka mkono wake wa kulia ukacheza, mashine ikachupa mbele, ikasimama kiasi cha shubiri moja kabla ya nguzo. Akazima injini, akakaa pale pale.

Nikamfuata nikiwa na mzaha mwingine mdomoni. Nilipofika nikaona ameikalia mikono yake, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Hata hivyo bega la kulia lilikuwa linatikisika.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Oktoba. Mwezi wa Februari daktari wa mjini akaupa ugonjwa jina. Parkinson, ule wa kutetemeka."

"Na kwenye ile mashine ya zamani?"

"Ilikuwa na usukani. Mkono ulipata pa kujishikiza."

"Ilene anajua?"

"Anajua nimezeeka. Kikombe kikigonga meza ananiambia nipunguze kahawa." Akaniangalia. "Usimwambie, ndugu yangu. Nitamwambia mwenyewe."

Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya mama yangu na kushona. Nikasema tu, "Turudi nyumbani, basi. Nyasi zako nitakata mimi."

"Nyasi zangu hutazigusa."

Twyla alikuwa amefika, na nadhani alikuwa ameona yote. Akasema taratibu kwamba zipo pia zenye usukani, anaweza kuagiza moja, wiki mbili tu. Verlin akatikisa kichwa. Akashuka, akairudia ile ya pili, ya inchi sitini. Akaanza kuuliza maswali mazuri, maswali ya mtu anayenunua kwa makini. Mkanda wa visu unabadilishwaje? Mafuta yanamwagwa wapi? Mtu asiye fundi anaweza?

Kisha akasema, "Sogeza kiti mbele."

Twyla akasogeza.

"Zaidi."

"Bwana Stuckey, magoti yako hayataingia."

"Zaidi, mama. Mpaka mwisho."

Verlin alikuwa mrefu wa kuinama milangoni. Ilene alimfikia kifuani. Hapo nikaelewa anamchagulia nani mashine, nikaenda kusimama kwenye gari langu.

Waliileta Jumanne. Niliona ng'ambo ya barabara, nikavuka kwa kisingizio cha kusaidia kuishusha. Ilene alitoka akijifuta unga mikononi, anacheka. Verlin akamwambia, "Panda wewe kwanza."

"Mimi? Mimi nimekata nyasi lini?"

"Panda tu."

Akapanda, miguu ikafika vizuri. Mara ya kwanza aliyumba, akapiga ukelele, akajirekebisha. Mara ya pili alinyooka. Alikuwa na mikono ya kushonea na kukandia mikate, mikono mitulivu. Alikwenda hadi kwenye ile miti ya mwisho wa uwanja, akazunguka mti mzima bila kusimama, akarudi anang'aa uso kama msichana.

"Verlin, hii ni tamu! Mbona mlitunyima raha hii miaka yote? Shemeji, umeniona? Haya, zamu yako mume wangu."

Verlin hakusogea.

"Panda bwana, usione haya. Odell hatakucheka."

"Siwezi, Ilene," akasema. "Ni yako."

Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akaunyoosha mbele yake, akauacha ufanye ulichotaka kufanya. Ilene aliutazama kwa muda. Injini ilikuwa bado inanguruma. Sikujua kama inafaa niizime, ama niondoke. Niliondoka.

Ilene alikata kiangazi chote. Kila Alhamisi, mistari imenyooka kama imepigwa kwa rula, mizuri kuliko ya mumewe na yangu. Watu waliopita kwa magari walimpungia mkono. Hakuwapungia. Verlin alijifungia gerejini mpaka mkewe amalize, maana alisema akiisikia injini mkono unazidi kutetemeka.

Mwaka uliofuata alianguka mara mbili bafuni. Ekari nne na ngazi za nyumba vikawashinda. Wakauza, wakahamia vyumba viwili mjini karibu na hospitali, ghorofa ya chini. Walioinunua nyumba walilima nusu ya uwanja, wakapanda soya. Niliona kutoka ng'ambo: hawakukaa hata mwezi kabla ya kuing'oa ile miti.

Mimi bado nakata yangu, ninapokumbuka.

Jumapili mimi hupita kumwona Verlin. Ilene hutumia saa hiyo kwenda dukani, kwa kuwa hawezi kumwacha peke yake. Siku moja Desemba tulikuwa tumekaa dirishani, barafu nyembamba kwenye kioo, nikimsimulia habari za kanisani. Akasema kitu. Sauti yake sasa imekuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sikusikia. Nikainamisha sikio, akarudia mara ya tatu, mate yakimtoka kwa juhudi, na bado sikupata hata neno moja.

Nikasema, "Kweli kabisa, Verlin. Ni kweli."

Akanitazama. Alijua. Kisha akageuza uso polepole kwenye dirisha, nami nikaendelea kuongea mpaka Ilene aliporudi.