Ruhusa ya Kutua

Kaka yangu alikula jasho la mdomo wake. Alifanya kazi kwenye mnara wa uwanja wa ndege, juu kule kwenye chumba cha vioo, akiwaambia marubani nani atue na nani asubiri. Watu wakamwita Mnara, naye akaitika. Halafu ugonjwa ukakosa mahali pengine pote pa kumshika, ukamshika koo. Madaktari walimtoa sanduku la sauti, wakamwachia tundu shingoni lenye kibomba cha kupumulia. Mtu aliyezoea kushusha ndege kwa neno moja akawa hawezi hata kuomba maji.

Nilikuwa nimehamia kwake na cherehani yangu tangu ugonjwa ulipoanza, maana mimi ni fundi wa nguo na kazi yangu inabebeka. Baada ya upasuaji nilisafisha kile kibomba asubuhi na jioni, kwa sababu kikiziba mwenyewe haponi. Nilimletea kengele ya kuniitia, akaitupa chini ya kitanda na kuandika kwenye kibao chake: Mimi si mbuzi. Huyo ndiye kaka yangu. Ukimwonea huruma anakutukana, usipomwonea ananuna.

Humo ndani alikuwamo na binti yake. Mama wa mtoto aliolewa kwingine zamani, na simlaumu, kaka alikuwa haambiliki. Binti ana kigugumizi. Shuleni walimwita Cherehani, jina lililoniudhi mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya cherehani yangu ambayo haikwami ovyo. Baba yake alimwita Kasuku. Na kati ya kazi zote za dunia hii, mtoto huyu mwenye ulimi mzito akachagua urubani, kazi ambayo huwezi kusogeza gurudumu bila kuomba ruhusa kwa redio.

Chuo cha urubani kilimpokea. Mikono alikuwa nayo, hilo kila mwalimu alilisema. Lakini akibonyeza kitufe cha redio, neno lilimganda kooni na marubani wengine wakabaki wanasubiri angani. Mwalimu mkuu akamwita ofisini. "Mikono unayo, ulimi huna," akamwambia. "Bila redio sikuruhusu kuruka peke yako. Na mwaka huu ukiisha bila kuruka peke yako, tutaachana kwa heri."

Ndipo kaka alipomfungia kompyuta ya kujifunzia urubani kwenye chumba kinachotazamana na chake: kioo kikubwa, usukani, kanyagio za miguuni, na spika za masikioni zenye kipaza sauti. Kabla ya upasuaji alikuwa akilala kitandani milango yote ikiwa wazi, yeye ndiye mnara, binti ndiye rubani. Nilishona huku nikisikia wanavyogombana.

"Macho nje!" alikuwa akifoka. "Unaruka kwa kuangalia nje, mto, barabara, mlima. Hizo saa za vipimo unazozikodolea zitakuonyesha nini, mchumba?"

"Na-na-naangalia, Baba."

"Haya, nimekwambia nini? Rudia."

Hilo la kurudia ndilo lililokuwa dini yake. Rubani akiambiwa neno na mnara lazima alirudie. Siku moja nilimwambia anamchosha mtoto bure, mtu akishasikia si kasikia? Akanikazia macho. "Harudii kwa faida yake. Anarudia ili aliyesema ajue ameeleweka vipi."

Aliporudi kutoka hospitali bila sauti nilidhani mchezo umekwisha. Wapi! Aliagiza tochi. Akakata plastiki ya kijani kwenye chupa ya soda na nyekundu kwenye jalada la faili, akawa anazifunga mbele ya tochi kwa mpira. Mnara wa kweli nao una taa yake, redio ikifa rubani anaongozwa kwa rangi. Kutoka kitandani alimulika ukuta ulio juu ya kioo cha kompyuta, ili mtoto asiione taa mpaka ainue macho kutoka kwenye zile saa. Rangi zenyewe sikuzishika. Mimi rangi nazijua za nyuzi.

Kaka hakuacha visa. Kuna wakati binti aliita mnara na yeye akalala kimya makusudi, tochi kifuani, aone kama atababaika. Mtoto akibabaika, baba anatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, kile kibomba kikipiga mluzi. Nilimsema. "Kaka, mtoto mwenyewe kigugumizi, nawe unamtega?" Akaandika: Angani nani atambembeleza?

Lakini nitasema kweli, ulimi wake ulianza kufunguka. Labda kwa sababu hakuna aliyemkatiza tena. Alisema neno lake, akasubiri rangi, akalirudia. Kila jioni zile kwikwi za ulimi zilipungua.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa kawaida. Pamba na vitambaa vya shingo ya kaka vilikuwa vimekwisha, nikaenda duka la dawa. Nilimwacha ameketi amejiegemeza kwenye mito, tochi mkononi, na mtoto kishavaa zile za masikioni.

Niliporudi, kabla sijafika mlango wa nyuma, nikamsikia. Sikumtambua. Nilifikiri kuna mgeni.

"Mnara, naita tena, niko upande wa mto, naomba ruhusa ya kutua." Akanyamaza. "Mnara, sikusikii. Nahesabu redio imekufa. Naendelea kuzunguka, natafuta taa."

Hakuna kwikwi. Neno lilifuata neno kama mshono ulionyooka. Nilisimama pale pale uani na mfuko wangu wa dawa, nikiogopa hata kugusa komeo nisije nikamkatiza. Akaendelea, sauti imetulia kabisa.

"Nimeona taa. Nyekundu, inamwekamweka. Nimeelewa, uwanja si salama, nisitue. Naondoka, naelekea uwanja wa pili."

Machozi yalinitoka, ya furaha, nayasema bila haya. Niliingia jikoni, nikaweka mfuko mezani, nikapaza sauti kuelekea chumbani: "Kaka, unamsikia mwanao lakini?"

Nikajibiwa na kimya, na kimya ndicho kilichokuwa jibu la kaka yangu miezi yote hiyo. Nikanawa mikono vizuri, maana kidonda cha shingo hakitaki uchafu, nikachukua vitambaa na kuingia.

Alikuwa ameangukia ubavu. Uso ulikuwa umebadilika rangi, mdomo wazi, kibomba kimeziba ute mzito. Mpira wa tochi ulikuwa umekatika na ile plastiki nyekundu iko sakafuni. Tochi yenyewe ilikuwa imebanwa kiganjani mwake pamoja na kipande cha kijani, inamulika shuka. Nilichomoa kibomba, nikavuta, nikampulizia pale pale kwenye tundu, nikampiga kifua huku nikimwita kwa jina la utoto wetu. Ng'ambo ya ukumbi nilimsikia mtoto, masikio yameziba kwa mngurumo wa injini ya uongo, akitangaza kwa sauti safi kwamba uwanja wa pili anauona.

Mjadala wa msibani haukunipita. Mmoja akasema alikuwa ameshachoka, heri kapumzika. Mwingine akauliza hivi mtoto alikuwa chumba cha pili anacheza kompyuta? Huyo nilimtoa nje mwenyewe, na sahani yake mkononi.

Wageni wakatawanyika. Jioni moja binti akaja akakaa chini karibu na cherehani yangu.

"Alikuwa ana-ana-anaomba msaada, Shangazi. Alikuwa anawasha na kuzima tu, kwa kuhangaika. Mimi nikasoma nyekundu ya kumwekamweka. Nikasema naondoka. Na alinisikia, ni-ni-nilirudia."

Nilisimamisha cherehani. Nikamuuliza, "Na kijani? Nilikuta kaweka kijani."

"Ruhusa ya kutua. Mimi nilishaondoka, sikutazama tena ukutani. Mnara nimeuacha nyuma, nitautazama wa nini?"

Nikashika hapo hapo. Nikamwambia baba yake alikuwa amemsikia anasema bila kukwama kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na kwa pumzi yake ya mwisho akampa ruhusa. Kijani ni cheti chake. Ni baraka. Akaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni. Kila siku nilirudia yale yale, nikishona, nikipika, nikimfungulia mlango, na kila nilipoyasema niliyaamini kidogo zaidi.

Alirudi chuoni, nikadhani nimeshinda. Na kwikwi hazikuwapo tena redioni, walimu wakashangaa. Sauti yake ilikuwa baridi na imenyooka, wao wakaiita kujiamini. Mwaka ulikuwa unakatika. Mwalimu mkuu akampangia siku ya kuruka peke yake, na nikaenda na khanga yangu mpya kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi yao, palipo na spika inayotoa maongezi ya redio.

Aliomba kuondoka, akapewa, akarudia. Ndege ikapanda. Alitaja mto, alitaja barabara, hakubabaika. Mwalimu mkuu akawa anaitikia kwa kichwa huku anatafuna kijiti. Kisha ndege ikageuka na kuanza kushuka kuelekea uwanjani.

"Ruhusa ya kutua," mnara ukasema.

Spika ikakwaruza, halafu kimya.

"Ruhusa ya kutua. Rudia."

Kimya. Ndege ilipita juu yetu, chini kiasi cha kuonekana magurudumu, ikapanda tena, ikazunguka. Mwalimu mkuu aliacha kutafuna. Mnara ukamwita, ukamwita tena. Nilijua neno gani limemganda na nilijua limegandia wapi. Alipokuja mara ya pili bila kujibu, kwenye vioo vya juu kule ikawaka taa, kijani, haipepesi, imeelekezwa kwake.

Ndege ikatikisa mabawa kulia na kushoto. Hivyo ndivyo rubani asiye na redio anavyosema nimeona. Ikashuka, ikatua taratibu, bila hata kuruka kidogo pale chini.

Mwalimu mkuu alimsubiri mlangoni na hakumgombeza. "Umetua vizuri kuliko wote wa mwaka huu," akamwambia. "Lakini rubani asiyerudia, mimi sijui kaelewa nini. Siwezi kukupa anga." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tukabaki wawili pale kwenye benchi. Alivua zile za masikioni, akazining'iniza shingoni, akatazama mnara. Aliposema hakukwama.

"Nimeiona kijani kutoka juu, Shangazi. Kule juu haina maana ya cheti. Ukiiona unajua kuna mtu chini anakwambia njoo."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya baraka na ya kufaulu, nimeyashona miezi yote ile yakakaa sawasawa. Nikayameza. Nikamshika mkono, ukiwa bado na jasho la usukani, nikarudia alilosema, ili ajue nimemwelewa vipi.

"Alikuwa anakuita, mwanangu."