Alama za Kila Asubuhi

Msusi alimtoa bintiye kwa mumewe kwa kumkokota mkono, majirani wakitazama. Alikuwa ameona doa la zambarau ubavuni mwa binti huyo alipoinua mikono kujifunga kitambaa, na kwa mtu anayeshinda saluni akisikiliza vilio vya wake za watu, hilo lilitosha.

"Mama, hajanigusa," binti alisema.

"Wote husema hivyohivyo."

Mkwe, fundi baiskeli mpole hadi wateja humtania, alisimama mlangoni mikono imejaa grisi. "Mama, nimpige kwa kosa gani?"

Msusi alimvuta binti, akaondoka naye. Alipitia polisi, akasema ya kusema, na fundi akalala korokoroni. Mama huyu kichwa chake kikishaamua jambo, usijisumbue kubishana nacho.

Basi binti akawa kwa mama yake, mlango umetiwa komeo, dirisha lina nondo. Asubuhi alikuwa na doa jipya pajani. Kesho yake likatokea jingine begani, na vidoti vyekundu vikajaa miguuni. Msusi aligeuza godoro asikute hata kunguni mmoja. Binti akipiga mswaki, fizi zilimtoka damu. Kutoka kitandani hadi sebuleni alihema kama kapanda mlima, na homa ilikuja na kuondoka ilivyotaka.

Hapo msusi akaingiwa na hofu ya kweli. Mume yuko korokoroni, mlango umefungwa, na bado mwanawe anapigwa. Akahamia kitandani kwake, akawa analala amemkumbatia kwa nguvu, ili huyo anayekuja amkute yeye kwanza. Alama zikazidi, hasa mgongoni na mikononi. Akikunja shuka alikuwa akitupia macho pembe za chumba, akinong'ona, "Mwache mtoto. Njoo kwangu mimi." Alijiona anapungukiwa na akili, lakini hakuacha.

Siku binti alipotokwa na damu puani ikagoma kukata, walikimbilia hospitali. Walimpima damu, kisha wakamchoma sindano nyongani kuchukua uboho wa ndani ya mfupa. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akamketisha msusi.

"Mama, ni saratani ya damu. Damu hutengenezwa kwenye uboho. Uboho wake sasa unatoa chembe nyeupe ambazo hazijakomaa, nyingi mno, na zimezisonga nyingine. Hizo changa hazipigani na maradhi, ndiyo maana ana homa. Chembe nyekundu zimepungua, ndiyo maana anahema. Zile za kugandisha damu ndizo zimekwisha kabisa."

"Na anayempiga?"

"Hapigwi. Ukimshika kwa nguvu kidogo tu, damu inavilia chini ya ngozi." Daktari akainua mkono wa binti. "Alama hizi hapa, nne huku na moja huku, ni vidole. Nani alimshika?"

Msusi alizitazama. Zilikuwa zimeanza kugeuka manjano. Akakumbuka alivyomkokota, akakumbuka alivyomkumbatia.

"Ni mimi," alisema.

Alikwenda polisi akafuta maneno yake mbele ya watu. Fundi alipotoka, msusi alianza kupiga magoti. Mkwe akamzuia. "Mama, hayo baadaye. Yuko wapi?"

Walimkuta wodini, mpira wa dawa ya kwanza umeshaunganishwa mkononi. Daktari alikuwa amesema dawa itaua chembe mbaya na nzuri pia, kwamba watajaribu, na hakuahidi zaidi. Fundi akaketi karibu na mkewe. Msusi alibaki mlangoni, mikono ameificha kwapani. Aliichukia mikono ile.

"Mama, sogea," binti alisema. "Nishike."

"Nitakuumiza, mwanangu."

"Naogopa, mama."

Msusi akasogea. Hakuthubutu kumshika. Aliulaza mkono wake juu ya shuka, kiganja wazi, akasema, "Nishike wewe. Kaza utakavyo."

Binti akaweka mkono wake, akakaza kwa nguvu zake zote. Msusi alilazimika kutazama ili ajue kwamba ameshikwa.