Hatua Tisa za Kupata Trekta

Adrian alirudi kutoka chuoni na laptopu yenye stika na majivuno ya kutosha kata nzima ya Sigino. Ushirika wetu ukampa kazi ya kuhamishia mtandaoni daftari la kukodi trekta. Daftari lilitaka jina na ekari, basi. Fomu ya Adrian ilitaka hatua tisa, kila moja na ukurasa wake, na dakika kumi zikipita hujamaliza inafuta yote na kukurudisha mwanzo. "Ni usalama," alisema. Aliijaribu peke yake chumbani, ikamchukua dakika tatu.

Mimi Edda nina steshenari karibu na stendi ya Babati, na mimi ndiye ninayewajazia watu. Siku ya mwisho ya kuomba trekta, zikiwa zimebaki nafasi mbili, aliingia baba yake Adrian, Mzee Damiani, mwenye ekari nne na mgongo mbovu. Daktari kamkataza kushika jembe. Adrian alikuwa nyuma yake. Nikampisha Adrian kwenye kiti ajionee.

Hatua ya nne iliuliza shamba limepatikanaje. Adrian hakujua, hajawahi kuuliza. Mzee akaanza na babu yake alivyoshuka kutoka Mbulu na mbuzi sita. Kwetu mkubwa hakatizwi. Alipofika kwa jirani aliyesogeza mpaka, fomu ilikuwa imesharudi hatua ya kwanza.

Mara ya pili walifika ya saba, akaingia Bibi Brigita. Adrian akasimama, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mguu. Huwezi kumwamkia bibi vidole viko kwenye kompyuta. Wakaanza upya.

Mara ya tatu walimaliza zote tisa. Jibu likaja: nafasi zimejaa.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nikamwona mzee anajishika kiuno, nikaona aibu.

"Baba, ungejibu kwa kifupi," Adrian alisema chini chini.

Mzee alikuwa anatazama kioo cha kompyuta. Limetokea swali jingine: una maoni gani kuhusu huduma yetu?

"Hilo nalo lina dakika kumi?"

"Hapana, Baba. Hilo halina muda."

"Basi andika. Ekari nne zitalimwa kwa jembe la mkono. Atakayelima ni wewe, kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Adrian aliandika, akatuma. Fomu ikapokea mara moja.