Uzito wa Olive

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka ule wa ugonjwa, Ernestine alikuwa uani kwake Kilibula, mjini Uvira, akimfungia mdogo wake mzigo. Chini aliweka mchele wa Bwegera, juu yake ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu waliozungushiwa karatasi, na juu kabisa kitenge cha marehemu mama yao. Kisha akaukalia mfuko ili ubane, akafunga kamba. Mdogo wake, Geneviève, alikuwa amekuja kutoka Bujumbura siku tatu kabla kwa ajili ya kuondoa matanga ya baba yao. Kule ng'ambo alimwacha mume wake, Ndihokubwayo, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, pamoja na binti yao Olive, wa miezi kumi na minne, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa na hajaanza kutembea. Siku tatu tu, alimwambia mume wake. Matiti yalikuwa bado yanamuuma.

Katika familia ile, sala ya kumsindikiza msafiri husemwa kwenye bariera ya mpakani Kavimvira, baada ya karatasi zake kugongwa muhuri, si kabla. Lakini asubuhi ile shemasi Bruno wa kanisa lao alikuwa na kikao saa mbili, na Ernestine hapendi kumchelewesha mtu wa Mungu, kwa hiyo akamwomba aombe palepale uani. Kosa lilikuwa hilo, hakuna lingine. Shemasi Bruno ni mtu wa kuomba kinaganaga. Hapendi Mungu abahatishe. Alimtaja Geneviève kwa majina yake yote matatu, akataja mtaa wa Buyenzi na mlango wa rangi ya bluu, akaomba binti huyu afike kwake salama saa kumi mchana, amnyanyue mtoto wake na kumpakata. Watu wakasema amina. Kuhusu mzigo hakusema kitu.

Walipofika Kavimvira, chuma cha bariera kilikuwa kimeshuka. Kilishuka alfajiri, kwa ajili ya ugonjwa, na watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama mbele yake na mifuko yao. Waliambiwa warudi nyumbani, ni mambo ya siku mbili tatu. Malori ya saruji na sukari yaliendelea kupita, kwa sababu saruji na sukari hazikutajwa katika amri. Geneviève akaurudisha mfuko kichwani, akarudi na dada yake kwa miguu.

Saa kumi kamili alikuwa ameketi saluni, chumba cha wageni, kwa Ernestine. Nyonga yake ya kushoto ikawa nzito. Mkono ukajikunja wenyewe kushikilia, na mwili ukainamia kulia, kama mwili wa mama yeyote unavyofanya. Akanusa nywele za mtoto, zile zenye mafuta ya mawese. Baada ya dakika chache simu ikalia, Ndihokubwayo akitaka kumshukuru kwa kufika.

"Mulango ilifunguka yenyewe," akasema. "Olive amenyanyuliwa, iko juu, amenyamaza. Weye hatukuone, lakini uko."

"Minye niko Kilibula," akasema Geneviève.

"Basi uko fasi mbili." Akafikiri kidogo, akauliza kama mchele nao unakuja.

Kesho yake Ernestine alikwenda kumwuliza shemasi kama sala ile inaweza kurudishwa na kuombwa upya siku bariera itakapofunguliwa. Shemasi Bruno alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema anazo sala nyingi ambazo hazijajibiwa, zingine tangu ujana wake, na haoni sababu ya kwenda kuisumbua mbingu kwa ajili ya moja iliyojibiwa kwa saa na dakika. Alitaka kuitolea ushuhuda Jumapili, lakini makanisa nayo yalifungwa wiki hiyo, akabaki nayo.

Siku hizi watu wa Uvira wakiukumbuka mwaka ule, kila mtu ana lake. Wengine watakusimulia mto Mulongwe ulivyotoka kitandani mwezi wa nne na kuondoka na nyumba za watu. Wengine ni shule zilizofungwa, au barakoa za kitenge ambazo kila fundi cherehani alishona mpaka akachoka. Kwa Ernestine watakusimulia saa kumi. Kila siku, saa kumi mchana, shughuli yoyote ambayo Geneviève alikuwa akiifanya kwa mikono miwili aliendelea nayo kwa mmoja. Alijifunza kupepeta mchele kwa mkono wa kulia, kufua kwa mkono wa kulia, hata kusonga bugali huku Ernestine akimshikia sufuria. Usiku ukiingia mtoto alilala, akalazwa, na mkono ukawa mtupu. Hapo ndipo alipokuwa analia, na hakujificha. Aliwaambia waziwazi kwamba amechoka kuwa na mtoto bila kumwona uso.

Majirani walizoea upesi. Mama Safi wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiuza sabuni na sigara dirishani, akipita saa kumi na moja alikuwa anasalimia watu wawili. Alikuwa anamtania pia. Anamwambia ana bahati, mtoto wake hachafui nguo za mtu. Geneviève anacheka, kisha anageukia ukutani kidogo.

Mwezi wa tano alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele wakati uzito uliposhuka kutoka nyongani mwake. Alisikia vidole vidogo vimeshika kidole chake cha shahada. Vikabana. Halafu vikaachia. Akabaki amenyoosha mkono mbele yake, hapumui, mpaka kitu kilipomgonga magotini. Ndihokubwayo alipiga simu jioni.

"Najua," akasema Geneviève. "Hatua ine."

"Hapana, tatu. Minye nilikuwa naangalia."

Walibishana mpaka uniti za simu zikaisha. Baada ya hapo Geneviève alijiinamia, akamwambia Ernestine jambo ambalo hakulirudia tena. Alisema anamwonea wivu yule aliyefika Buyenzi. Ernestine alimwambia yule ni yeye mwenyewe. Geneviève akasema ndiyo, na ndiyo maana inauma.

Kwa kuwa mtoto alikuwa na umri wa kupimwa, alimpeleka kupimwa. Muuguzi wa santere ya afya ya mtaa, Pontien, alikuwa mtu wa taratibu. Mwanzoni alisema hawezi kufungua fishi, kadi ya kliniki, bila mtoto kuwepo. Geneviève alimwomba amweke kwenye mizani saa tisa na nusu, kisha tena saa kumi na dakika tano. Pontien akatoa hesabu mara mbili, akapata kilo nane na gramu mia sita. Akauliza jina, akaandika Olive, akaweka alama ya mwezi kwenye mstari wa kijani. Palipoandikwa makazi alisita, akaandika Kilibula kwa penseli. Tangu siku hiyo, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, alimwachia Geneviève nafasi ya mwisho kwenye foleni. Mstari ule ulipanda vizuri. Geneviève alikuwa anauangalia vile wengine wanavyoangalia picha.

Mwezi wa kumi na moja mstari ulishuka.

Hakuhitaji mizani kulijua hilo. Alhamisi mtoto alikuwa mwepesi. Ijumaa alikuwa mwepesi zaidi na amejiegemeza bila nguvu, kichwa kikiyumba begani, na ngozi yake ilikuwa ya moto. Alipompigia mume wake, Ndihokubwayo alisema Olive hajambo, anacheza. Alikuwa mtu mwema na alidanganya vibaya. Jumamosi Geneviève alimwambia Pontien afungue santere, na mizani ikasema kilo tisa na gramu mia moja. Mwanzoni mwa mwezi zilikuwa kumi. Hakungoja ushauri. Alifunga kitenge, akatoka na mtoto wake nyongani kuelekea Kavimvira, Ernestine akimfuata nyuma na mwavuli, kwa kuwa jua lilikuwa kali kwa mgonjwa.

Kwenye bariera alikuwepo ofisa mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimsikiliza kupitia dirisha. Alipoambiwa mtoto anaumwa ng'ambo na mama yake yuko huku, alisema anasikitika, watu hawapiti. Geneviève akamwambia mtoto yuko hapa pia, akamnyoosha. Ofisa aliweka kalamu chini, akatoka nje, akanyoosha mikono. Mikono yake ikashuka kidogo kwa uzito. Alimweka begani kama mtu aliyelea watoto wake mwenyewe, akampigapiga mgongoni, akaweka kiganja mahali palipokuwa na paji la uso.

"Mutoto iko na homa," akasema. "Na ameisha maji mwilini. Umupeleke kwa muganga."

"Baba, niache nipite. Muganga ni minye. Nimufikie tu."

Ofisa alimbembeleza mtoto mpaka aliponyamaza. Halafu alimrudisha mikononi mwa mama yake, polepole, akimshikilia shingo.

"Bariera imefungwa kwa watu," akasema. "Ningekuwa nayo amri, mama, ningekupitisha mbio."

Lori la saruji lilikuwa limefika nyuma yao, na dereva anapiga honi. Ofisa aliwaomba wasogee. Akainua chuma, lori likapita, akakishusha.

Walirudi santere. Pontien alichemsha maji, akayaacha yapoe, akakoroga sukari na chumvi kwenye kikombe, akampa Geneviève kijiko. Alijaza kijiko, akakipeleka kwenye hewa iliyokuwa inapumua karibu na kifua chake, na kijiko kilirudi kitupu. Kijiko baada ya kijiko, mpaka mtoto aliposinzia mkononi mwake. Siku nne walifanya hivyo, na kila saa kumi kikombe kilikuwa tayari. Siku ya tano mtoto alikipiga kijiko teke, kikaruka mpaka dirishani, na Pontien akasema mtu anayepiga teke hivyo amepona. Ndihokubwayo alipopiga simu alikiri yote, na kulia kwa aibu. Alisema mchana walikuwa wakimpa maji anatapika, lakini kila saa kumi alifungua mdomo mwenyewe, akameza kitu ambacho hakuna aliyempa. Geneviève hakumgombeza. Alimwuliza kama macho ya mtoto bado ni ya duara kama zamani, au yamebadilika.

"Ni yaleyale," akasema mume wake. "Yanakufanana."

Basi Geneviève akafurahi kwa siku mbili, kisha akahesabu: amekaa miezi minane bila kuyaona.

Chuma kiliinuliwa kwa watu mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Siku mbili tatu zilikuwa zimekuwa miezi kumi na mitano. Ofisa mwenye miwani alimgongea Geneviève muhuri, akamwuliza habari za mtoto, akafurahi kusikia amefika kilo kumi na mbili. Geneviève alimwuliza ugonjwa mwingine ukija itakuwaje. Ofisa akasema itakuwa vilevile, watu watarudi na saruji itapita. Nyuma yake kijana wa kazi alikuwa anapaka chuma rangi mpya, nyekundu na nyeupe, na malori yalikuwa yamejipanga upande wao ambao haukuwahi kufungwa.

Alifika Buyenzi saa kumi na nusu. Hakuna aliyetoka kumlaki, kwa sababu majirani walikuwa wamekwisha kumlaki mwaka uliopita. Mume wake alikuwa bado kazini. Alisukuma geti la bati, akaingia uani, akasimama.

Olive alikuwa mlangoni, hewani, kwenye urefu wa nyonga ya mtu mzima. Miguu yake ilikuwa imetanuka kama ya mtoto aliyebebwa, gauni limepanda upande mmoja, na mkono mmoja umezunguka shingo isiyoonekana. Alikuwa mrefu. Alikuwa na meno yote na nywele zilizosukwa mistari na mtu ambaye hajui kusuka vizuri. Macho yalikuwa yaleyale. Na wakati huohuo Geneviève alikuwa naye nyongani, kilo kumi na mbili zote, na mkono mdogo wenye jasho ulikuwa umemzunguka shingo.

Mtoto alimtazama kama tunavyomtazama mama anayepita akiuza mboga. Lakini alikuwa amelelewa vizuri.

"Jambo, mama. Unatafuta nani?"

Geneviève aliutua mfuko kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na kazi.

"Nakutafuta weye."

"Minye niko kwa mama," akasema Olive, kwa upole, kama kumwelekeza mtu aliyekosea nyumba. Akamwonyesha benchi la wageni, akamwambia akae, baba atakuja. Kisha akalaza kichwa.

Kichwa kikatua begani kwa Geneviève, kizito, cha moto wa mchana. Alikwenda kukaa kwenye benchi, hatua tano kutoka mlangoni, akiwa mwangalifu asimtikise. Alitaka kumwita jina akaona atamshtua. Akaanza kumbembeleza taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kule mlangoni mtoto akawa anayumba vilevile, anamwangalia mgeni kwa jicho moja, mpaka jicho lile nalo likafumba.