Mgeni wa Uzi Mwekundu

Watu walimwita Mzee Kamba, wala hakukasirika. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa shamba la mbegu, na mstari uliopinda aliuona kama tusi. Hata baada ya kustaafu, mkewe akianika nguo yeye husimama pembeni, jicho moja kalifumba, akiangalia kama kamba imenyooka.

"Baba watoto," mkewe humwambia, "hizo ni suruali zako, si gwaride."

Basi binti yao, mtafiti wa maharage, alipoomba kipande cha shamba nyuma ya nyumba kwa ajili ya majaribio, mzee nusura aruke kwa furaha. Alikuwa amechoka kukaa kibarazani kuamua ugomvi wa kuku. Alipima vitalu, akachomeka vigingi, akavuta kamba. Mistari ikanyooka mpaka binti akacheka. Ila mbegu zenyewe ndizo zilizomtia kiwewe. Mfuko mmoja, lakini ndani mna nyeusi, mna njano, mna za madoadoa, mna nyingine zambarau kama maganda ya kitunguu.

"Mwanangu, hizi hazijachambuliwa."

"Ndivyo zilivyo, Baba. Nimezichukua kwa wakulima hivyo hivyo. Humu ndani mna ndugu wa kila tabia. Huyu akiona mvua nyingi anaoza, yule jua halimbabaishi. Nataka kujua nani karithi nini."

"Mh," alisema mzee. Hakuelewa sana, ila ilikuwa mh ya heshima.

Maharage yakaota, yakachanua, yakaanza kujaza maganda. Hapo ndipo ugonjwa wa kutu ulipoingia. Majani yakapata vidoa, ukiyagusa vidole vinabaki na unga wa kahawia. Kitalu cha karibu na uzio ndicho kilichoumia kuliko vyote, isipokuwa mmea mmoja tu uliosimama katikati ya wagonjwa, kijani kibichi, kama hausikii kinachosemwa. Binti alipouona, alikaa chini kwenye udongo na sketi yake ya kazini, akacheka peke yake. Akachuma jani moja la kupeleka maabara likasomwe vinasaba, akafunga uzi mwekundu shinani. Gari la ofisini lilikuwa linapiga honi barabarani.

"Baba, nakuachia shamba!" alipiga kelele akikimbia. "Mwisho wa juma nipo!"

Haraka hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Maana kwenye shamba la mbegu, mmea usiofanana na wenzake huitwa mgeni, na mgeni hatakiwi. Mkaguzi akipita humfunga uzi mwekundu, na nyuma yake huja watu wa kung'oa. Mzee Kamba alikuwa mng'oaji hodari tangu ujana wake. Kesho yake asubuhi akaukuta ule mmea, mrefu kuliko wenzake, kijani peke yake, na uzi shinani.

"Ahaa! Mwanangu kasoma kweli kweli," alisema kwa fahari. Akaung'oa na mizizi yake, akakung'uta udongo, akautupa kwenye rundo la kuchomwa nyuma ya jiko. Siku zote zilizofuata alikuwa akipiga mluzi.

Mkewe hakuwa na mluzi. Alikuwa anamfumia mjukuu sweta, na mkono mmoja ulikuwa umekwama. "Nani kachukua uzi wangu mwekundu?" Alimuuliza mumewe, akawauliza majirani, na paka naye hakunusurika.

Mwisho wa juma binti akaingia anahema. "Baba! Majibu ya lile jani yametoka. Kinasaba cha kuzuia kutu anacho, na katika mbegu zote nilizokusanya hakuna mwingine aliye nacho. Sasa nataka maharage yake tu, maana jani halipandwi. Yule wa uzi mwekundu yuko wapi?"

"Nilishamshughulikia," alijibu mzee, kifua mbele.

"Umemshughulikia vipi?"

Alipomaliza kueleza, kifua kilikuwa kimesharudi ndani. Walikimbia mpaka kwenye rundo. Rundo halikuwepo. Alikuwa amelichoma jana yake, tena kwa uangalifu mkubwa.

Binti akachuchumaa mbele ya majivu. Hakulia wala hakugomba. "Si kosa lako, Baba," alisema polepole. "Mimi ndiye sikukueleza." Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Afadhali angetukanwa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa: hataniachia tena shamba, alijisemea, nitarudi kwa kuku wangu.

Mara mama mtu akatokea jikoni, mwiko mkononi. "Afadhali umekuja, mwizi wewe! Uzi wangu umeufanyia nini?"

"Mama, tafadhali, siyo sasa."

"Ni sasa hivi! Njoo uone ushahidi."

Nyuma ya mlango wa jiko, kwenye msumari, ule mmea ulikuwa unaning'inia kichwa chini. Majani yalikuwa yamekauka, maganda yamegeuka njano, na uzi bado uko palepale shinani. Mama alikuwa ameuokota kwenye rundo kabla halijachomwa.

"Nilitaka kuufungua," alisema, "nikaona hapana, utakuja kukataa. Nikauacha hivyo hivyo nikukamate na kidhibiti."

Binti alimrukia mama yake akamkumbatia mpaka mwiko ukaanguka. "Jamani!" mama alishangaa. "Mwizi gani huyu anakumbatia watu?"

Lakini furaha haikuwa kamili. Mmea uling'olewa kabla haujakomaa, na maharage yaliyotoka yalikuwa madogo, yamejikunja. Je, yataota? Binti alichukua machache, akayalaza juu ya kitambaa chenye maji ndani ya sahani, akayafunika. Gari likapiga honi. Akasimama na sahani mkononi, akamtazama mama, akamtazama baba. Kisha akaiweka mikononi mwa baba.

"Nakuachia, Baba."

Mzee akaipeleka mezani taratibu, kama anayebeba yai. Tangu hapo hakuna aliyefagia karibu na ile sahani. Alifunua, akafunika, akalowesha kitambaa, akafunua tena, mpaka mkewe akamwambia atayaua kwa kuyakodolea macho. Asubuhi moja akapiga ukelele, mkewe akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

"Limeota! Tazama, mke wangu, limetoa kijizizi!"

Alimpigia binti simu, na hakuna aliyesikia maneno ya mwenzake kwa jinsi wote wawili walivyokuwa wakicheka. Mzee alicheka mpaka akalia, na wala hakujificha.

Msimu uliofuata yale maharage yalipata kitalu chao, na vile vingine vikapandwa mchanganyiko kama kwanza. Asubuhi moja, akipita kati ya mistari yake iliyonyooka, Mzee Kamba akaona mche mmoja wenye majani membamba ya rangi ya damu ya mzee, haufanani na mwingine wowote. Mkono ukaenda wenyewe. Ulipofika shinani, akaushika mkono huo kwa mkono wa pili, akautia mfukoni kwa nguvu.

"Mama watoto!" aliita. "Una uzi?"

"Wa rangi gani?"

"Yoyote ile, mke wangu. Usiwe mwekundu tu."